Nilitoa Ushuhuda Kanisani, Sasa Wateja wa Uandishi Wananikimbia

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za kazi na za nyumbani kwako, vipi afya, natumaini baridi ya mwezi huu haijakulaza kama ilivyotulaza sisi huku Mbalizi. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hautulii, naomba msaada wako na naomba usinicheke.

Mimi ni mama wa makamo, shule yangu iliishia darasa la saba, baadaye nikajifunza kuchapa, nikawa nachapa kwenye stesheneri ya mtu hapa sokoni, sasa watu wakawa wanaleta barua zao za biashara zimepindapinda na mimi siwezi kuchapa kitu kibovu nikanyamaza, nanyoosha hapa, naongeza pale, mpaka mteja mmoja akasema mama wewe huchapi, wewe unaandika, toka hapo ukajitegemee. Nikatoka. Nikanunua kompyuta iliyotumika, nikaanza kuandikia nyumbani, maandiko ya mradi ya kupeleka benki, barua za kuomba zabuni, maelezo ya kwenye paketi za unga, na Mungu akafungua njia, kazi zikaja mpaka kutoka Igawa na Iringa, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe na mume wangu nyumba ikawa inaendeshwa na kazi yangu, siyo kwa huruma ya shemeji.

Katika wateja yupo kaka Obeid, anakoboa mpunga na kupaki mchele, tunasali naye usharika mmoja. Nilimwandikia andiko la mkopo wa kufungua tawi Iringa, pale Ipogolo barabarani, alikuwa ameshaona godauni anaelewana na mwenyewe. Andiko likapita. Alikuja kwangu akanishika mikono yote miwili, "Ndaga fijo, mama," ananishukuru kwa Kinyakyusa chetu, akasema kuanzia sasa maandishi yote ya biashara yake nitaandika mimi. Mshauri, ningenyamazaje? Jumapili mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani nikasimama, nikashika maiki, nikasema namshukuru Mungu aliyebariki mikono yangu, nimemwandikia ndugu yetu Obeid na benki imempa, naye anakwenda kuchukua godauni Ipogolo, pale barabarani, watu wakapiga vigelegele, nikakaa nalia kwa furaha, sikumwangalia Obeid usoni wala sikukumbuka kwamba benchi la nyuma yupo Tadeo ambaye naye anauza mchele.

Jumatatu asubuhi Tadeo alikuwa Ipogolo. Lile godauni amelichukua yeye.

Obeid alinijia amekunja uso, nikamwambia kaka, mimi sikukusema vibaya, nilikuwa namshukuru Mungu, akanijibu, "Kwani Mungu alikuwa hajui mpaka umtajie na barabara?" Na ndugu zake nao wameanza kumiminika, kila mmoja na shida yake, maana wamesikia ana hela za benki. Kwa hiyo anataka Jumapili hii nisimame palepale niseme nilichanganya, mkopo haukuwa wake, ulikuwa wa mteja mwingine. Nikikubali, kazi zake zinabaki kwangu. Nikikataa, atawaambia wafanyabiashara wote kwamba mdomo wangu hauna breki. Na maneno yameshaanza kutembea, jana Apolonia anayetotolesha vifaranga alikuja kuchukua karatasi zake kabla sijamaliza, "Mama, nipe tu hivyohivyo, zisije zikaingia kwenye maombi." Ni kweli huwa nawaombea wateja kwenye jumuiya yetu, kila mmoja kwa jina lake na shughuli yake, nilidhani ni upendo.

Sasa usingizi sipati. Kudanganya mbele ya madhabahu siwezi, na kazi hii ikifa sina nyingine. Au nimwandikie Obeid bure mwaka mzima? Au niache niombe tena nafasi ya kuchapa? Nakuomba sana unijibu mapema, Jumapili isinikute sijui la kufanya.

Ni mimi, Mama Damari, Mbalizi.

*

Mama Damari,

Pole. Kabla ya yote, majina ya watu, bidhaa na miji uliyoniandikia nimeyabadilisha, pamoja na la kwako, maana hata unapoomba ushauri kuhusu kosa la kutaja watu, umewataja tena wote.

Kumshukuru Mungu si kosa. Kosa ni kutoa shukrani kwa mali ya mtu mwingine. Mkopo ni wa Obeid, na ilikuwa haki yake kusimama au kukaa kimya. Mfanyabiashara anapokupa kazi anakuonyesha faida yake, hasara yake na mipango yake ya mwakani, mambo ambayo kaka yake wa tumbo moja hayajui. Hicho ndicho anacholipia. Wa kunyoosha sentensi wapo wengi. Na kwenye jumuiya vilevile: ombea kazi zako, majina yataje kimoyomoyo.

Usidanganye. Ya madhabahu umeshayasema mwenyewe, mimi nakuambia ya biashara: mwandishi anayetangaza uongo ili asimpoteze mteja, benki itamwamini vipi anapoandika kwamba fulani analipa madeni yake?

Nenda kwa Obeid leo, kwa miguu yako, usitume ujumbe. Usianze na "nilikuwa namshukuru Mungu." Mwambie umemharibia, godauni limekwenda kwa mdomo wako, akusamehe, uongo hutausema, ila barua za kutafuta godauni jingine utaziandika bila malipo. Hizo tu. Habari ya mwaka mzima ifute, una nyumba ya kulisha. Ndugu zake awaeleze mwenyewe kwamba hela ya benki inarudishwa. Anaweza kukataa, akaenda kukusema sokoni. Usijibizane naye, mama, maana atakuwa anasema kweli.

Apolonia mpe karatasi zote, na kazi yake iliyobaki kwenye kompyuta ifute akiwa anaona. Kuanzia sasa, kabla hujaandika neno, saini na mteja karatasi moja: bei, malipo ya kuanzia, siku ya kumaliza, na kwamba habari zake hazitoki kwako bila ruhusa yake. Mgeni akitaka kuona mfano wa kazi yako, mwandikie wa kampuni ya kubuni. Anayeridhika mwombe akutaje yeye, kwa hiari yake. Na kuchapa usirudi. Andiko lako limepita benki, kazi unaiweza. Imani ya watu itarudi polepole, kila mwezi utakaopita bila mtu kusikia habari ya mwenzake kutoka kwako.

Jumapili nenda ibadani kama kawaida. Mchungaji akiuliza nani ana neno, mama yangu, kaa.