Maneno ya Kumpokelea Mkwe

Tabaka, 3 Machi 2025

Binti yangu Phanice huko Lusaka,

Unaendeleaje na baridi ya zamu za usiku hospitalini? Sisi wazima. Hata mgongo wa mama yako umetulia, isipokuwa ukiona jembe.

Eti baba yake Chanda anakuja Kisii kwa mkutano wa kanisa, na atashinda Sabato kwangu aone nyumba unayotoka kabla hajakubali muoane? Na nyinyi hamna likizo? Vizuri! Aje anipime, nami nimpime.

Shida ni moja. Yeye hajui Kiswahili, na Kiingereza changu ni cha kuuzia twiga wa mawe: good price, my friend, last price. Sasa akiniuliza habari zako nimjibu hivyo? Mjomba wako Okemwa anataka kutafsiri, lakini yule mwalimu mimi nikisema dakika kumi, yeye anamaliza kwa pumzi moja. Nataka mkwe anisikie mimi. Nitumie kwa simu maneno, maana na mfano wa sentensi. Shule niliacha darasa la sita, akili haikuacha.

Baba yako, Nyangau, Mchongaji wa Dunia

Lusaka, 9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi mzima.

Anza na haya. Delighted: mwenye furaha kubwa. Mfano: We are delighted to see you. Humble: asiyejivuna. Mfano: He is a humble man. Cherish: kupenda na kutunza. Mfano: I cherish my mother.

Tunga zako unirudishie. Lakini baba, huyo baba yake Chanda, Mzee Mwape, ni mpole, haongei sana. Ukimtisha na majivuno, hataki tena, na mimi nampenda Chanda.

Binti yako, Phanice

Tabaka, 16 Machi

Mwanangu,

Mama yako hajambo, ng'ombe hajambo, mimi ndiyo usiulize.

Kila neno nimelichonga kwenye kipande cha jiwe nisilisahau. Mama yako amechukua Delighted, anazuilia mlango usifungwe na upepo. Sentensi hizi hapa. The visitor is delighted because he has seen Nyangau. I am the most humble man in Tabaka, even Nyamira they know. My wife cherishes me too much.

Sahihisha kama utapata kosa.

Baba yako, Profesa

Lusaka, 18 Machi

Baba,

Habari za tangu juzi? Nimecheka hadi mgonjwa akaniuliza kama mimi mzima.

Kosa ni kwamba sentensi zote ni Nyangau. Tunga moja ambayo wewe humo.

Phanice wako

Lusaka, 13 Aprili

Baba, mko salama? Mbona kimya wiki hizi zote? Jana ndiyo ilikuwa Sabato ya kuja kwake Mzee Mwape. Alikuja? Ulimwambia nini? Chakula hakipiti.

Phanice

Tabaka, 15 Aprili

Mwanangu, kula.

Sote wazima isipokuwa simu. Ilitumbukia kwenye pipa la maji ya kulainishia sanamu, ikalazwa kwenye mchele kama mgonjwa.

Alikuja. Akala matoke na mboga za chinsaga, akaongeza. Kisha akaniuliza juu yako. Okemwa akasimama, akakohoa. Nikamwambia, "Keti, mwalimu. Mtoto ni wangu." Nikasimama mimi. Maneno yote yakanitoroka, yakabaki machache, nikayasema, nikakaa. Mkwe akapangusa macho. Mama yako anasema ni moshi. Mwache. Mwezi wa nane analeta wazee wake!

Nilichosema sikuandikii. Unajua chinsoni yetu, ile mila ya haya kati ya mzazi na mtoto: baba hamsifu binti yake usoni. Kiingereza ndicho hakina haya. Muulize mkwe.

Baba yako, Nyangau

Lusaka, 17 Aprili

Baba yangu,

Natumaini umelala vizuri, kwa sababu mimi sikulala.

Nimemwuliza. Anasema ulimwambia, "Nimechonga vitu vingi. Phanice sikumchonga, amejichonga mwenyewe. Mimi nilifagia vumbi tu."

Kisha akaniuliza, "Baba yako ni mtu wa maneno machache, sivyo?"

Baba, nilimjibu ndiyo. Mungu anisamehe.

Binti yako, Phanice