Kualika kwa Mdomo

Jumatatu, 7 Julai 1986

Nimeswali, nimekanda unga wa mahamri, nimemwachia Salma ayachome. Saa moja tukatoka, mimi na Mwana Esha. Yeye kazi yake ni ualishi. Malindi hii hakuna arusi asiyoizungukia nyumba kwa nyumba kuialika. Miguu imeanza kumvimba lakini ulimi mzima.

Arusi ya Salma ni Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Watu wanashangaa, mama wa bibi arusi kutembea mwenyewe na mwalishi. Sababu naijua mimi. Miaka sita nyuma, arusi ya Maryam, dadake Salma, nilichapisha kadi za maandishi ya dhahabu. Nikaona fahari. Dada yangu Zuhura wa Takaungu, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni, nikampelekea kadi kwa utingo wa basi. Hakuja. Alituma neno moja tu: "Mimi si ofisi." Hajanisemesha tangu hapo.

Leo Mambrui. Mto Sabaki umejaa, maji rangi ya chai, na ng'ombe wanakunywa kandokando kama hawana haraka ya dunia. Tumeanza kwa Bi Shamsa, mamake bwana arusi. Nyumba ya watu wakubwa. Alinikagua toka ushungi hadi ndara. Mwanawe nampenda. Yeye namwogopa.

Jumanne, 8 Julai

Gede, kisha Watamu. Nchi nzuri hii, subhanallah. Gede miti imefunga juu, unatembea kwenye kivuli kama uko ndani ya nyumba. Watamu upepo wa kusi ulitaka kuninyang'anya buibui.

Mwana Esha akifika mlangoni husimama wima kama askari: "Bi Rehema awaamkua, awataka Alhamisi ya ishirini na nne, wakubwa kwa wadogo, na siku hiyo kwenu kusiwake moto!" Watu hucheka, hutuwekea madafu. Nyumba ya tatu tumbo langu lilikuwa likilia kama mtungi.

Njiani akanichoma. "Umekosea mpango, Rehema. Mkubwa hualikwa kwanza. Wewe dada yako umemweka mwisho kama kijiti cha meno."

Kweli ni kweli. Naogopa.

Jumatano, 9 Julai

Mvua. Hatukutoka. Nilifurahi kwa mvua, kisha nikaona haya mbele ya Mola wangu.

Alhamisi, 10 Julai

Kilifi. Nyumba za ng'ambo ya huku tumezimaliza kabla ya adhuhuri, halafu feri. Nilishika chuma cha ukingoni nikatazama maji ya kijani yakipita. Nikiwa mdogo Da Zuhura alikuwa akinishika ukosi hapo hapo nisitumbukie.

Tumelala kwa binamu yake Mwana Esha. Binamu kanipa habari nisiyoitaka. Da Zuhura ameshasikia. Anajua nimeanza Mambrui, anajua nimepita Watamu, anajua hata tulikunywa madafu. Nimekula wali vijiko viwili.

Ijumaa, 11 Julai

Takaungu, baada ya swala. Nyumba ile ile, baraza limepakwa chokaa upya. Alisimama mlangoni. Amezeeka dada yangu. Nilitaka kumrukia shingoni.

"Karibu, mgeni," akasema.

Mgeni. Mimi. Akatandika mkeka mpya, akatoa vikombe vya kabatini, vile vya watu baki. Akasema na Mwana Esha, si nami: "Mwambie mgeni wako kahawa inapoa."

"Mgeni wangu ana masikio, Bi Zuhura. Tena yamefanana na yako."

Nikamwalika kwa mdomo wangu. Maneno yote niliyasema. Nikaomba radhi ya ile kadi. Akanitazama mara ya kwanza.

"Junju umekwenda?"

Nikaweka kikombe chini.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Nilipozaliwa mama yetu aliugua, maziwa yakakauka. Baba alikuwa na shamba la minazi Junju. Jirani yake wa shambani, Mama Nyevu, wa kabila la Wachonyi, ndiye aliyeninyonyesha miaka miwili. Kwa dini yetu ni mama yangu. Arusi ya Maryam sikumwalika, na hii pia nilikuwa nimemruka. Sikusahau. Niliona haya. Mama Nyevu huvaa hando, ile sketi ya marinda ya kikwao, na nilimfikiria amekaa hivyo kati ya mabibi wa Mambrui. Astaghfirullah.

"Mimi ulinipa karatasi," Da Zuhura akasema. "Yeye hata karatasi hakupata. Mimi huenda kumtazama kila mavuno. Kila mara huniuliza habari zako, nami humdanganya kwa ajili yako. Kesho twende. Jibu langu utalipata huko."

Jumamosi, 12 Julai

Junju. Mwana Esha amebaki, miguu imekataa. Tumepita mashamba ya mkonge, kisha mikorosho, kisha mahindi yaliyonyauka majani tayari kuvunjwa. Harufu ya udongo mbichi. Da Zuhura mbele, mimi nyuma, hageuki.

Nyumba ya makuti, uwanja umefagiwa. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu.

"Nani huyo anapiga hodi kwao?" sauti ikatoka ndani.

Mama Nyevu macho yamekwenda, haoni. Akanipapasa uso, akashika sikio langu la kushoto lenye kovu, akasema, "Rehema." Nililia kama mtoto. Radhi niliyoipanga njia nzima ilinipotea. Nikamwalika tu.

Akauliza, "Na Maryam, ameshaolewa?"

Da Zuhura akatazama kuku. Nikasema ndiyo, mama, miaka sita sasa.

Akafikiri. "Basi nitacheza arusi za wote wawili."

Da Zuhura akaangua kicheko. Tukala mihogo na nazi, akatulisha hadi tukashindwa kuinuka.

Wakati wa kurudi tukafika penye matope. Dada akageuka: "Rehe, inua buibui." Rehe. Jina la utotoni. Alhamdulillah.

Alhamisi, 24 Julai

Nimechoka, niandike machache. Mama Nyevu alikuja na Da Zuhura, hando jeupe jipya, shanga shingoni. Nilimkalisha mkeka wa mbele.

Wanawake wamejaa, biriani inapakuliwa, Bi Shamsa akaniinamia. "Yule bibi wa hando ni mtumishi wenu wa zamani?" Hakushusha sauti. Walio karibu wakageuka. Da Zuhura, kijiko mkononi, akanitazama mimi, si yeye.

Nikasema kwa sauti ile ile yake: "Ni mama yangu. Nimenyonya ziwa lake. Njoo umwamkie, mkwe."

Nilidhani arusi imekwisha. Bi Shamsa akainuka, bangili zikilia, akaenda akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetuletea mume? Mbona mikono baridi hivi, hujala?"

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Hata Bi Shamsa.

Mama Nyevu akacheza. Ameketi, mabega tu. Mara mbili, kama alivyosema.

Jumapili, 27 Julai

Nyumba kimya bila Salma. Nimekunja leso zake, nimemwombea.

Leo nimemrudisha Mama Nyevu. Da Zuhura ameshukia Takaungu, kaniambia nisichelewe, ameweka mbaazi jikoni. Tumekwenda Junju wawili tu, mimi nikimshika mkono, yeye akiniuliza kila shamba tunalopita limestawi vipi. Nikamweleza. Mahindi ya jirani yamevunjwa. Mikorosho imeanza maua.

Nilimkalisha kwenye kigoda chini ya upenu apumzike, nikaenda kumletea maji. Pale mlangoni nikafungua kinywa nipige hodi.

Nikakifumba. Nikaingia.