Neno Moja, Kutwa Mara Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini wewe na shemeji mnaendelea vizuri, na kwamba mgongo hauumi tena unapoingia chini ya magari. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri.

Najua unasubiri habari za binti yetu, lakini niruhusu nianze mwanzo. Uliponikabidhi nimwandae kwa mahojiano ya Kiingereza ya chuo cha famasia, tulikuwa na miezi minne, na nafasi hiyo asingeipata mara ya pili. Nikamfundisha kama nilivyofundisha watu kwa miaka thelathini na mitano: maneno hamsini kila jioni kutoka kwenye kamusi, kwa mpangilio wa alfabeti, na asubuhi ayakariri mbele yangu kabla hajaenda kazini kwenye duka la dawa.

Mwezi ulipita. Alijua maneno mengi ya herufi A, lakini hakuweza kumwambia mgeni ameze kidonge baada ya kula. Mfamasia, mwajiri wake, aliniita Mzee Kamusi mbele ya wateja, akasema nateka maji kwa pakacha. Nilirudi nyumbani nikamkemea mtoto. Alinijibu kwa adabu:

“Baba mkubwa, hata dawa haimezwi kopo zima kwa siku moja.”

Basi akaanza njia yake. Alichukua zile bahasha ndogo za vidonge, na juu ya kila moja akaandika neno moja alilolisikia dukani siku hiyo, pamoja na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Kisha akaandika dozi ya kulirudia. Neno jipya, kutwa mara tatu. Likianza kukaa, mara moja kwa siku. Likizoeleka, mara moja kwa wiki. Likimponyoka, linarudi kutwa mara tatu. Wala hakuyafungia bahashani. Aliyatumia kwa wateja, kwa mfamasia na kwangu, hata nikaombwa chumvi kwa Kiingereza na kuelezwa kwamba mchuzi wangu una madhara.

Jumatatu alihojiwa na walimu watatu. Amekiri kwamba alikosea nyakati za vitenzi mara mbili. Jana majina yalibandikwa: amepata nafasi.

Furaha hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Mdogo wangu, umeamini miaka yote kwamba baba alikutoa shule kwa sababu alihitaji mikono ya kumsaidia gerejini. Si kweli. Nilikuwa mwalimu mpya, nami nilikukaririsha orodha zile zile. Baba akaniuliza kama unafaa kuendelea na masomo. Nilimwambia, “Hafai. Maneno hayakai kichwani mwake.” Ilhali nilikuwa nimekusikia ukimweleza mgeni kwa Kiingereza ubovu wa injini yake, naye akakuelewa. Nilihesabu makosa yako, sikusikiliza ulichokisema.

Jana binti yako aliniuliza amerithi kwa nani wepesi wa lugha, huku akinitazama kwa shukrani. Jibu ni wewe. Naomba ruhusa yako nimwambie hivyo, na nimwambie pia kwa nini hakuwahi kulisikia. Ukikasirika, nimestahili. Usiponiandikia, nitapanda basi nije nisimame mbele yako.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani. Binti anawaamkia, na anasema mgongo usiufanyie mzaha.

Ni mimi,
kaka yako