Mshairi Aliyechungulia Chumbani

Jumanne, 2 Machi 1971
Nimechota maji, nimetwanga, nimerudi. Mume wangu, Mwalimu Elia, bado yuko mezani anafasiri. Shairi la Kiingereza la karne ya kumi na nane. Mwanamke anajipaka poda chumbani mwake asubuhi nzima, mshairi anamcheka. Elia naye anacheka, peke yake. Jumamosi atawasomea watu wazima kwenye kisomo, hapa Ihanja.

Alhamisi, 4 Machi
Amenisomea. Nikamwambia hapa kijijini hakuna mwanamke mwenye kioo kipana kuliko kiganja. Akasema sijui sanaa. Nimekasirika. Uji wake nimeuacha upoe.

Jumamosi, 6 Machi
Aibu.
Kasoma kwa mbwembwe. Wanaume wawili watatu wakacheka. Wanawake, ambao ndio darasa lenyewe, wakaanza kumhurumia yule mwanamke. Mmoja akauliza kama alikuwa mgonjwa, maana kuvaa tu kulimchukua asubuhi nzima. Mwingine, nani alimpalilia uwele wake.
Akasimama Mama Salome, mkunga wetu.
"Mwalimu, huyo mshairi ya chumbani mwa mwanamke aliyaonaje?"
Elia akasema ni mawazo tu.
"Basi alichungulia kwa mawazo. Faini."
Kwetu Wanyaturu anayemtukana mwanamke mmoja kawatukana wote, na wanawake ndio wanaotoza. Elia akajitetea kwamba mshairi alikufa zamani. Mama Salome akauliza nani kamleta kijijini.
Wote wakamtazama mume wangu. Halafu wakanitazama mimi.
Nikahama benchi. Nikaketi na wanawake.

Jumapili, 7 Machi
Hasemi nami. Kaenda kumlalamikia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti kamwambia yeye ana mke, mama na mabinti, hawezi kumsaidia. Alipe. Mbuzi mmoja, na achote maji ya kupikia pombe, mchana, watu wakiona.

Jumanne, 9 Machi
Kachota. Nusu ya maji imeishia kwenye shati. Mama Salome mwenyewe kamsokotea ngata ya kutulizia ndoo kichwani, kampa pole. Mbuzi ni wetu, kwa hiyo faini nimelipa na mimi. Wanawake wanauliza kama yule mshairi ana shairi lingine. Nyama ilikuwa kidogo.

Jumatano, 10 Machi
Mvua tangu asubuhi. Elia kaniuliza, bila kunitazama, kama lile shairi liliniuma hata mimi. Nikasema ndiyo. Kavuta ungo upande wake, kaanza kuchambua kunde nami. Nzuri anatupa, mbovu anabakiza.
Nimemwacha aendelee.