Fimbo ya Kupimia Kiwanja cha Magari

MAELEZO YA SHAHIDI, yaliyochukuliwa kituoni Kalemie mbele ya Inspekta Ilunga, tarehe 12 Machi 2025

Jina: Domitille Kalunga. Umri: miaka 38. Kazi: kukausha na kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Makao: mtaa wa Kataki, Kalemie.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye eneo la viwanda, nyuma ya reli. Kuna tajiri anayetaka kufungua pale uwanja wa kuuza magari, pamoja na gereji. Ofisi ya mipango ya mji ilituita majirani tuseme kama tunakubali au tunakataa, kabla haijatoa kibali. Kaka yangu Basile anachomelea vyuma kwenye kiwanja hicho miaka mingi, na hana hati. Kibali kikitoka, yeye anafukuzwa.

Mpima ardhi wa ofisi hiyo anaitwa Wilfried. Alikuja na fimbo yake ya chuma yenye rangi nyekundu na nyeupe, akampa Joël kazi ya siku hiyo ya kuishika. Joël ni baba wa watu, anakaa kwenye kambi ya waliokimbia vita, Katanika. Nilimsikia Wilfried akimwambia, "Papa Joël, hii fimbo usiiache chini hata kidogo."

Wilfried alituomba wanaokubali wasimame upande wa reli, wanaokataa upande wa ukuta. Mimi nilisimama ukutani na kaka yangu. Waliosimama upande wa reli walituzidi sana. Wilfried alipoanza kuandika hesabu, Basile alimfuata. "Futa hiyo! Mimi nitaenda wapi?" Wilfried akajibu, "Papa, mi napima tu."

Basile akamnyang'anya Joël fimbo, akampiga nayo Wilfried kichwani. Wilfried alianguka, Basile akampiga tena, kisha tena usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Papa Inspekta, andika hivyo hivyo: tena, na tena.

Basile aliitupa fimbo, akaruka ukuta. Joël akainama, akaiokota, kwa sababu aliambiwa asiiache chini. Mwingine angekimbia. Yeye alisimama pale na fimbo yenye damu, na waliokuwa mbali upande wa reli, wasiomwona aliyepiga, walipokuja mbio, wakamwona yeye. "Njo huyu! Ndiye huyu ameua!" Walimpiga kwa matofali. Mmoja alimkanyaga mkono mpaka vidole vikavunjika.

Nilipiga kelele, "Si yeye!" Mama yangu mzazi, ninayekausha naye samaki, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Akaniambia sikioni, "Nyamaza. Huyu wa Katanika hana mutu hapa. Basile ametoka mu tumbo yangu." Nilimuuma mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Hakuutoa mkono. Alipoutoa, ninyi polisi mlikuwa mmekwisha kufika na kumpakia Joël kwenye gari, na Wilfried alikuwa amekufa.

Leo asubuhi mama aliniambia, "Ukitaja jina ya ndugu yako, siku nikikufa usikuje kunizika." Nilikuja nikilia njia nzima. Hapa mlangoni kwenu nilimkuta mke wa Joël amebeba sahani ya bugali. Aliniuliza kama mume wake bado ana mkono wa kulia chakula. Nikaingia.

Aliyemuua Wilfried ni Basile Kalunga, kaka yangu wa tumbo moja. Nampenda, na nina hasira naye. Yuko nyumbani kwa mama, chumba cha nyuma. Mkienda kumchukua, naomba msimpige.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: D. Kalunga

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi. Mama yake, aliyefungwa kitambaa kwenye kiganja kilichoumwa, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi. Shahidi alipotoka alimsalimia. Mama aligeuza uso.

Inspekta Ilunga