Jina Nililoliandika Kwenye Kompyuta Yako

Musinzira, Gitega

Mama Zuhura,

Barua zote ulizonifundisha kuchapa zilianza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Hii siwezi kuianza hivyo, na sitajifanya kwamba naweza. Naanza na jambo lenyewe. Jina lako limetajwa katika kikao cha chuo kikuu, mbele ya wahadhiri watano, kama jina la mtu aliyewaandikia walimu wa Muyinga kazi zao za mwisho za shahada. Mimi nilikuwa mmoja wa wahadhiri hao watano. Nilikaa kimya.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu hukuwahi kuvumilia karatasi zilizochanganyika.

Unakumbuka kwamba katika mwaka wa mwisho wa uhai wako chuo kilihamishia masomo ya walimu walio kazini kwenye jukwaa la mtandaoni. Mwalimu alitakiwa kusoma huko, kuuliza huko, na kupakia kazi yake huko kabla ya saa iliyopangwa. Waliobuni utaratibu huo walidhani kila mwanafunzi ana kompyuta mezani na umeme ukutani. Walimu wa Muyinga walikuwa na daftari. Waliandika kwa kalamu baada ya vipindi, wakakuletea dukani, wewe ukachapa, wao wakabeba flashi hadi mahali penye intaneti. Walikuwa saba. Wengi wao walikulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania kama mimi, wakarudi kwetu na mikoba ya vyeti ambavyo hakuna ofisi iliyojua kuvisoma. Kazi ya mwisho uliyoichapa ilikuwa ya Domitila, mwalimu wa darasa la tatu, yule mrefu aliyekuwa akivua viatu mlangoni mwako hata ulipomwambia asivue. Baada ya siku chache ukalazwa. Hukutoka tena.

Nilichelewa kwenye maziko yako. Gari la kutoka Gitega liliharibika Karuzi, na ninyi Waislamu hamuwaweki marehemu wenu wakisubiri. Nilipofika udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Nilisimama nyuma pamoja na Wakristo wengine, na mwanao Zuhura akaniletea kiti, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kuhudumiwa siku ile.

Mwezi mmoja baadaye kamati yetu iliitwa. Jukwaa lile lina chombo kinachokagua kila kazi iliyopakiwa, na chombo hicho kilikuwa kimeweka alama nyekundu kwenye kazi saba. Kila faili, Mama, hubeba ndani yake jina la mtu ambaye kompyuta inamwita mwandishi. Halionekani kwenye ukurasa wowote, lakini chombo hulisoma. Kazi saba za watu saba zilikuwa na mwandishi mmoja: Mama Zuhura.

Mwenyekiti alisoma jina hilo kwa sauti kisha akatabasamu. Tabasamu hilo sijamsamehe. Alieleza kwamba maana yake iko wazi, kwamba yuko mwanamke fulani wa Muyinga anayefanya biashara ya kuwaandikia walimu wavivu, na kwamba wote saba wapewe sifuri na waondolewe kwenye programu. Mjumbe mmoja aliuliza kama kuna uwezekano wa kosa. Mwenyekiti akajibu:

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nilijua ukweli wote, hadi herufi yake ya kwanza. Siku ulipoleta kompyuta ile dukani, imefungwa kwa blanketi kwenye baiskeli, mimi ndiye niliyeiwasha, kwa sababu mimi ndiye niliyeweza kusoma maelekezo yake ya Kiingereza. Nilikuwa kijana niliyerudi mwaka uleule, na duka lako ndilo pekee lenye kibao cha Kiswahili katika barabara nzima. Mashine iliuliza jina la mtumiaji. Ulisema niandike langu, kwani mimi ndiye nitakayeketi mbele yake. Niliandika lako. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Sikujua kwamba toka siku hiyo kila karatasi itakayopita mikononi mwako itadai kwamba wewe ndiwe uliyeiwaza.

Nilijua hayo, na nilitazama meza. Nilijiambia kwamba mimi ni mjumbe mpya, kwamba hoja isiyo na ushahidi ni hisia tu, kwamba nikusanye kwanza ushahidi ndipo niseme. Ni sababu nzuri zote. Ungezisikia ungeniuliza kama nimemaliza, kisha ungeniambia nianze upya kwenye karatasi safi.

Kikao kiliahirishwa kwa wiki mbili ili watuhumiwa waitwe. Jumamosi yake nilipanda gari kwenda Muyinga kutafuta daftari. Nilijua ulikuwa ukizitunza kwenye gunia nyuma ya duka, kila kazi imefungwa uzi, hadi mwenyewe apate shahada yake ndipo umrudishie. Zuhura alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Gunia halikuwapo. Shangazi yake alikuja kusafisha baada ya matanga, akaona ni karatasi kuukuu, akampa jirani anayeuza karanga. Nilikwenda kwa jirani. Nilinunua karanga nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, nikafungua kila pakiti. Nilipata nusu ukurasa wa hesabu ya mtoto wa shule.

Nilipomweleza Zuhura habari ya jina, alicheka, na kicheko kile hakikuwa cha furaha.

"Sasa ni weye kaka msomi ulifundisha mashine uongo," akasema. "Na mama ndiye wanamutukana."

Alikuwa amesema jambo hilo kwa ufupi na usahihi ambao mimi sikuwa nimeufikia kwa siku sita.

Njiani kurudi Gitega nilifanya nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo: nilisoma kazi zenyewe, nikaanza na ya Domitila. Wajumbe watano tulikuwa tumewahukumu watu saba kwa alama nyekundu, na hakuna aliyekuwa amefungua hata ukurasa wa pili. Domitila ameandika juu ya watoto waliorudi kutoka Tanzania wakijua kusoma vizuri, wakarudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu walisoma kwa lugha isiyotakiwa. Ameandika kwa utulivu unaotisha. Na kwenye ukurasa wa kumi na mbili, katikati ya sentensi, nilikuta nukta tano mfululizo. Sentensi inasema kwamba mtoto wa kwanza kufika aliketi mwezi mzima juu ya nukta tano.

Nilisimamisha kidole hapo, Mama, na nikakusikia.

Kila mwanafunzi wako alifundishwa sheria hiyo kabla ya kufundishwa kibodi. Neno lisilosomeka halikisiwi. Linaachiwa nukta tano, mwenyewe anaitwa, anakaa kwenye benchi, anasoma neno lake kwa kinywa chake, ndipo linaandikwa. Siku moja nilikisia neno katika barua ya mzee mmoja, na nilikisia sawasawa. Ulinifanya nilifute.

"We si ndiye uliandika," uliniambia. "Iko neno ya mwenyewe. Umungoje."

Nilikuona una ukaidi usio na faida. Leo najua kwamba chuo kizima, na jukwaa lake, na chombo chake cha ukaguzi, hakina kanuni moja ya uaminifu inayofikia hiyo.

Kikao cha pili kilipoanza, walimu saba walikaa ukutani kama watoto waliochelewa. Niliomba kusema kwanza. Nilisema kwamba jina lililomo kwenye faili hizo niliandika mimi, kwa kidole changu, kabla ya yeyote kati ya hao saba kukanyaga chuo, na kwamba nililijua hilo katika kikao kilichopita nikanyamaza. Nilisema kwamba Mama Zuhura alikuwa mchapaji, na kwamba alinifundisha kazi. Mwenyekiti aliuliza kama ninaweza kuthibitisha. Nikamwomba kila mjumbe afungue ukurasa wa kumi na mbili wa kazi ya Domitila.

Mmoja wao alikuwa ameisoma baada ya kikao cha kwanza, akaziona nukta zile. Alikuwa ametia mstari pembeni na kuandika: uzembe. Nikauliza swali moja tu. Je, mtu anayeandika mawazo yake mwenyewe anaweza kushindwa kulisoma neno alilonalo kichwani? Nafasi hiyo ni ya mtu anayesoma mwandiko wa mwingine. Kisha nikaomba Domitila aulizwe ni neno gani linalokosekana.

Hakuwa na karatasi mkononi. Hakusomewa sentensi zaidi ya mara moja.

"Kidumu," akasema. "Aliketi juu ya kidumu walichorudi nacho. Madawati yalikuwa yamejaa, nikamgeuzia kidumu. Wino ulivuja pale nilipoandika. Nilikwenda dukani kulitaja, Mama akawa amelazwa, na jukwaa lilikuwa linafungwa siku ileile."

Neno lilikuwa lake, na alikuwa na haki ya kulijaza. Angeweza kumwomba mtu yeyote mwenye kompyuta aongeze neno moja. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo. Alisema dakika zilikuwa zimekwisha, na kwamba aliona afadhali nafasi tupu uliyoiacha wewe kuliko kazi isiyopokelewa.

Sifuri zote saba zimefutwa. Ungedhani nakuandikia kwa furaha. Sina furaha. Uamuzi ulikuja kwenye jukwaa kwa maneno matatu: suala hili limefungwa. Domitila alipunguziwa alama kwa sababu ya nukta zile tano. Nilidai kamati iandike kwamba ilikosea kukuita ulivyoitwa, na kwamba wajumbe wote watano, mimi wa kwanza, tutie saini. Mwenyekiti alinijibu kwa upole mwingi kwamba uamuzi hutumwa kwa wenye akaunti, na marehemu hana akaunti. Kwa hiyo kuna mahali pa kukutuhumu na hakuna mahali pa kukuomba radhi. Nimelipitia jukwaa lile kona kwa kona. Amesema kweli. Halina mahali hapo.

Basi naandika hapa. Ulikosewa, Mama. Ulikosewa na watu waliosoma, kwa uvivu wa kutosoma. Na nilikukosea mimi, mara mbili: kwanza kwa kutojua, halafu kwa kujua.

Wiki iliyopita chuo kilituma agizo kwamba maduka ya kuchapa yafute majina kwenye kompyuta zao na kuacha nafasi hiyo wazi. Zuhura alinipigia. Alisema aliyeliweka aje alitoe mwenyewe. Nilikwenda. Benchi liko palepale, amelipaka rangi ya kijani. Alisimama nyuma yangu nikafungua sehemu ile, na jina lako likatokea kama nilivyoliandika nikiwa na umri wa miaka ishirini.

Sikulifuta. Nilirudisha mshale mbele ya jina nikaongeza maneno mawili, na Zuhura akayasoma kwa sauti, pole pole, kisha akaniambia nisiguse tena. Tangu Jumatatu, kila kazi inayotoka dukani kwako kuja Gitega inabeba ndani yake, mahali ambapo chombo chao hakikosi kusoma: Imechapwa na Mama Zuhura.

Pumzika, Mama. Yakija tena mezani kwangu maandishi ya mtu yenye neno nisiloweza kulisoma, nitamwita mwenyewe, nitamkalisha, nami nitamngoja.

Mwanafunzi wako,
uliyemfutisha neno sahihi