Naogopa Kumfungia Mtoto wa Mume Wangu Chakula cha Shule

Mama Speciosa mupendwa, amahoro,

Nakuandikia unisaidie kabla sijapoteza mutoto ao kabla sijapoteza akili. Niliolewa na Amissi, muuza ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa Rumonge, baada ya muke wake kufariki na kumuachia binti mumoja, Salima, aliyekulia kwa bibi yake kule juu Bugarama, na masomo yalipokaribia kuanza baba yake akamuleta kwetu, akaniambia, «Huyu sasa ni mutoto wako,» nami nikafurahi sana kwa sababu mimi sijabahatika kuzaa, nikamununulia na gamela ya kubebea chakula, akachagua rangi mwenyewe.

Sikutaka ale vitu vya duka, zile biskuti za rangi na juisi za unga zinazoacha ulimi mwekundu, nilitaka ale chakula cha kumupa nguvu, na huku kwetu kando ya ziwa kila mama anaambiwa mutoto asiyekula ndagala hakui vizuri, basi nikapika sombe, majani ya muhogo, nikatia ndagala za kusaga, nikamufungia pamoja na wali. Saa sita haijafika, mwalimu wake, madamu Zipora, akanipigia: «Mama, kuja mbio! Mutoto amevimba midomo, anajikuna mwili mzima, pumzi inamupiga.» Nilikimbia na kandambili moja mguuni. Tukamupeleka kwa waganga wa hospitali, wakamupiga sindano, akatulia, na muuguzi akasema labda alikula kitu kibaya, na hilo neno «kitu kibaya» wifi yangu Biasha akalibeba akalizungusha mutaa wote.

Mimi nikafikiri ni yale majani ya sombe, nikayaacha. Siku nyingine nikamukaangia viazi vitamu, viazi vitupu Mama, bila mboga, akaanza kuvila njiani, hata hajafika kona akarudi analia, macho yamevimba, anakohoa. Biasha akamukuta kwenye mulango wetu, akamulaza chali, akamumiminia mafuta ya mawese kinywani eti atoe sumu, mutoto akapaliwa mpaka nikafikiri anakufa mbele yangu. Nikamunyang'anya, nikamupeleka tena kupigwa sindano. Tuliporudi watu walikuwa wamejaa kiwanja. Biasha akanipigia kelele: «Unataka akufe ili nyumba ibaki yako!» Nikachukua vile viazi vilivyobaki nikavila vyote mbele yao ili waone, na kweli sikupata hata kuwashwa, lakini Biasha akageukia watu akasema, «Mumeona? Yeye anajua mahali alipoiweka.»

Amissi hakusema kitu. Alimubeba mutoto akaingia ndani, hakuniangalia.

Tangu hapo simufungii kitu. Asubuhi namupa chai kavu, namukataza asionje chakula cha mutu yeyote, halafu siku nzima nakaa na simu mukononi. Juzi ikalia kweli, madamu Zipora akasema Salima ameanguka darasani. Nilipofika alikuwa amekaa chini, midomo imekauka. «Huyu mutoto iko na njaa, mama,» madamu akaniambia, «njaa tu.» Tulipokuwa tunarudi Salima akaniuliza, «Mama, shangazi anasema unataka nikufe. Ni kweli?» Nikamwambia hapana, sijawahi kutaka hivyo hata siku moja. Akasema, «Basi nipikie.» Tulipofika nikashindwa hata kushika sufuria. Watu wananiambia nimurudishe Bugarama ao niondoke mimi kabla sijafungwa. Mama Speciosa, nifanye nini? Murakoze.

Mama wa kambo, Rumonge

*

Dada yangu,

Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia simu siku ileile nikakuuliza: yale mafuta uliyokaangia viazi, yalikuwa yamekaangiwa nini kabla? Ukasema polepole, «Ndagala.» Nikakwambia mpeleke mtoto kwa daktari, umueleze vyakula vyote viwili bila kuficha kitu. Ulienda na mume wako, na umeniruhusu kueleza hapa alichokwambia baada ya kumpima: mwili wa Salima unakataa samaki. Wanaiita alerji. Si sumu na si mkono wa mtu. Ulimpigia na bibi yake kule Bugarama, akakumbuka kwamba mtoto aliwahi kuvimba midomo siku ya karamu, yeye akadhani ni mdudu aliyemuuma. Kule wao wanakula maharagwe. Samaki mtoto aliwapata mara chache, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Ulichokipitia kinatisha, na pole yangu ni ya kweli. Lakini nitakugombeza. Kwa nini ulisimama kiwanjani kula viazi kama mshtakiwa? Kinachomuumiza Salima wewe kinakushibisha tu. Ungekula sufuria nzima usithibitishe kitu. Halafu ukamwacha mtoto ashinde na njaa. Ulijiambia unamlinda. Hapana, dada. Ulikuwa unajilinda wewe, ili siku akivimba tena isiwe kwa chakula chako. Woga wako ulikuwa na sababu, ila aliyeulipia ni mtoto.

Bugarama harudi, na wewe huondoki. Nunua sufuria ndogo na mwiko, viwe vyake peke yake, na chupa ya mafuta isiyoguswa na samaki. Ukitoka kuchambua ndagala za mume wako, nawa kwa sabuni kabla hujamgusa mtoto wala chakula chake. Mfungie ndizi na maharagwe, viazi vitamu vya kuchemsha, mboga ya lengalenga, parachichi; siku nyingine yai, kwa kuwa daktari amelikubali. Unga wa uji usinunue uliokwisha kuchanganywa, maana wengi wanatia ndagala za kusaga humo wakidhani wanawasaidia watoto. Nunua nafaka upeleke mashineni, uombe ile mashine isafishwe kwanza. Vidonge vya supu usivitie, na zile biskuti za rangi ulizozikwepa tangu mwanzo, endelea kuzikwepa. Kitu ambacho huwezi kujua ndani yake mna nini, Salima asile.

Umueleze na yeye mwenyewe. Anasoma, ana akili, ameweza kukuuliza swali ambalo watu wazima walilisemea pembeni. Mwambie ni samaki, asibadilishane chakula na wenzake, na akisikia midomo inawasha amwite mwalimu palepale. Dawa aliyokupa daktari, moja ikae nyumbani, nyingine kwa madamu Zipora. Pumzi ikianza kumbana, mpe kama ulivyoonyeshwa na mkimbie hospitali, msisimame kwa mtu yeyote. Mawese hayatoi kitu, wala maziwa. Yale mafuta kinywani mwa mtoto anayekohoa yangeweza kumuua kabla ya samaki.

Biasha usigombane naye. Alimkuta mtoto wa kaka yake anakosa pumzi mlangoni, akaogopa, akamtafuta wa kumlaumu, na mama wa kambo alikuwa karibu. Mwaliko wa kwenda naye kwa daktari mpe mara moja, akikataa, mwache. Ila ndani ya nyumba yako asimlishe Salima mpaka ajue ni nini cha kuepuka.

Neno la mwisho si lako. Ni la Amissi, maana uliniambia gazeti hili analisoma. Amissi, ulimsikia daktari kwa masikio yako, ukarudi, ukanyamaza tena. Mke wako ameitwa mwuaji kiwanjani kwako na watu bado wanalisema. Kumwambia yeye chumbani kwamba unamwamini hakutoshi. Nenda leo kwa dada yako, usimame mlangoni, useme ulichoambiwa na daktari kwa sauti ambayo majirani wote watasikia.

Mama Speciosa